Bado Droo Moja

Gereji ya Spana ilikuwa na magari ya aina mbili: yaliyokuja kutengenezwa yakaondoka, na yaliyokuja kutengenezwa yakaota majani. Basi la Fundi halikuwa huku wala kule. Lilikuwa haliondoki, wala halioti majani, kwa sababu mke wa Fundi alikuwa akiyang'oa kila asubuhi kabla ya chai. Alisema nyumba isiyo na uzio lazima iwe na adabu.

Lilikuwa basi dogo la kizamani la kubebea wafanyakazi, rangi yake ya mwanzo imebaki pembeni tu, kama rangi ya kucha ya mwezi uliopita. Na huyo mke, ambaye gereji nzima ilimwita Mama Pasi, alilijua basi lile kabla mumewe hajalitia machoni. Miaka yote aliyopiga pasi mashuka ya hospitali, ndilo lililomchukua alfajiri na kumrudisha jioni. Alikuwa na kiti chake, dirisha la tatu upande wa kushoto, na mtu akikikalia kwa bahati mbaya aliinuka mwenyewe bila kuambiwa. Basi likazeeka, likatupwa. Mama Pasi naye akazeeka, akapewa birika na maneno mazuri. Halafu mwenye nyumba waliyopanga akaiuza na wao wamo ndani, kama panya wa ghalani, na Fundi akaenda akalichukua basi kwenye vyuma chakavu, akalileta kwa Spana likivutwa kwa kamba, akamwita mkewe aje aone.

Mama Pasi alilizunguka mara moja. Akachungulia dirisha la tatu.

"Kumbe mimi ndiye niliyestaafu basi," alisema. "Basi lenyewe halijanistaafu."

Mpango ulikuwa mwepesi. Wangelifanya nyumba, kisha wangeliwasha, wangekwenda. Kwenda wapi, hilo halikuwa na mjadala. Baba yake Mama Pasi alikuwa mwasha taa wa reli kwenye stesheni moja huko juu milimani, na yeye alizaliwa pale, akaondoka akiwa msichana wa kusukwa, hakurudi tena. Treni zilikwisha acha kufika, lakini barabara ilifika. Alichotaka ni kuegesha kando ya jukwaa la stesheni, kufungua mlango, na kunywa chai huku ukungu ukimpita miguuni. Basi. Haikuwa safari ya kwenda mwezini. Mwenye gari zima angetoka asubuhi akafika jua likiwa bado lipo.

Lakini Fundi alikuwa fundi, na hapo ndipo ngoma ilipopasuka.

Alikuwa seremala wa majumbani, wa makabati na vitanda na milango isiyolia, na kitu alichokichukia duniani ni kitu chenye kazi moja. "Kitu cha kazi moja ni mgeni," alikuwa akisema. "Kinakula nafasi na hakioshi vyombo." Kwa hiyo ndani ya basi lile hapakuwa na mgeni. Ngazi ya mlangoni ilikuwa na mfuniko, ndani mkalala viatu. Mfuniko wa jiko ukigeuzwa ulikuwa ubao wa kukatia vitunguu. Kioo cha kunyolea kilikuwa mlango wa kabati la dawa, na kwa ndani mlango ule ulikuwa na mfuko wa sindano na nyuzi. Na ukutani, pale ambapo mtu mwingine angetundika picha ya maua, alifunga ubao wa kupigia pasi unaoshuka kwa bawaba.

Mama Pasi alipouona ubao huo ilibidi akae.

"Fundi. Nimepiga pasi mashuka ya wagonjwa mpaka kucha zikaiva. Nimetoka kazini, wewe umenifungia kazi ukutani."

"Ukiushusha nusu ni meza ya kusomea."

"Nisome nini, maelekezo ya pasi?"

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa kitanda. Mchana hukioni. Unaona mabenchi mawili yanayotazamana, na meza katikati. Jioni meza inashuka, inakaa juu ya kingo za mabenchi, mito inapangwa, halafu mgongo wa kiti cha dereva unalazwa chini na kuwa sehemu ya miguu. Kitanda cha watu wawili, tena wanaojinyoosha. Kikifunguliwa, nyumba nzima ni kitanda. Asubuhi unakikunja, unapata ukumbi, jiko, njia na usukani.

Na droo. Chini ya mabenchi droo, juu ya madirisha droo, nyuma ukuta mzima wa droo. Hizo alizifanya kwa ajili ya mikono ya mkewe, maana pasi ilikuwa imevila viungo vya vidole vyake, na droo nzito ilimtoa machozi. Fundi alipiga randa, akapiga msasa, kisha akapaka mshumaa kila reli ya mbao, mpaka droo zikawa zinafunguka kwa kidole kimoja, tena kile cha mwisho. Basi lenyewe lilikaa juu ya matofali, naye alikuwa amelinyoosha kwa pimamaji mpaka tone la maji likidondoka sakafuni lilikuwa halijui liende wapi.

"Hizi droo ukizipumulia tu zinakuja," alisema Mama Pasi, na Fundi alitembea na sifa hiyo kifuani wiki nzima.

"Sasa tunaondoka lini?"

"Bado droo moja."

Hivyo ndivyo gereji ilivyompa jina. Spana, mwenye gereji, mtu mfupi aliyeishi chini ya magari kiasi kwamba watu walimjua kwa soli zake, alikuwa amekwisha kufufua injini zamani. Kila Fundi alipopita na ubao begani, soli zilimuuliza: "Vipi, Bado Moja?" Naye anajibu, "Bado moja." Mvua ikaja ikaondoka. Ikaja nyingine. Droo nyingi zilikuwa tupu. Kulikuwa na droo ya mifuko, na ndani yake mifuko. Moja ilikuwa na sweta la Mama Pasi, shali na soksi nene, mzigo wa baridi ya kule juu, aliouweka mwenyewe siku za kwanza. Alikuwa akiufungua kila baada ya muda, akiuanika upate hewa, akiukunja upya kwa mikono ya mpiga pasi, na kuurudisha.

"Tuna pa kuweka kila kitu, Bwana Droo," alikuwa akisema. "Tatizo letu ni hicho kitu."

Kisha mguu ukaanza kuuma. Mgongo ukafuata. Hospitali ile ile aliyoipigia pasi ikamlaza kwenye mashuka yenye mikunjo, jambo lililomkera kuliko sindano. Daktari alimvuta Fundi kwenye korido, akazungumza kwa sauti ndogo kama mtu anayeuliza choo kiko wapi: ugonjwa umeingia kwenye mifupa, dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu, mpeleke nyumbani ukampe anachokitaka.

Fundi alimpeleka nyumbani, akamfungulia kitanda, akamlaza chini ya dirisha la tatu. Anachokitaka mkewe alikijua. Ilipofika asubuhi akasimama mlangoni na birika mkononi, ndipo akaona kazi aliyoifanya.

Kitanda kilikuwa wazi, kwa hiyo njia haikuwepo. Njia haikuwepo, kwa hiyo jiko halikufikika. Meza ya kula ilikuwa chini ya mgongo wa mgonjwa. Droo za chini zilikuwa zimezibwa na godoro, na ndani ya mojawapo mlikuwa na vikombe. Na kiti cha dereva kilikuwa kimelala chali, miguu ya mkewe juu yake. Ili basi liende, kitanda kikunjwe. Ili kitanda kikunjwe, mtu aamke. Alikuwa amejenga nyumba ya watu wanaoamka.

"Unasimama nini hapo?" Mama Pasi aliuliza.

"Natafuta vikombe."

"Nimevilalia. Acha niviatamie kidogo, huenda vikaanguliwa."

Alianza kupikia nje, juu ya matofali matatu, kati ya gari lisilo na milango na milango isiyo na gari. Alimwosha mkewe akiwa amepiga magoti kwenye ngazi ya viatu. Usiku alilala akiwa ameketi pembeni, maana mgonjwa hakutaka kuguswa mgongo. Na mchana alikaa akitazama mbao zake kama mtu anayemtazama mwanawe aliyemtukana hadharani.

Mdogo wake Mama Pasi alikuja siku ya nne. Alikuwa matroni wa bweni, mwanamke mpana mwenye funguo kiunoni, aliyeamini kwamba duniani hakuna jambo lisilotatulika kwa kitanda kilichotandikwa vizuri. Aliingiza kichwa mlangoni, mwili ukakataa kufuata.

"Shemeji," alisema, "dada yangu umemweka kwenye droo."

"Ni kitanda, shemeji. Wewe ndiye umekuja na nyonga za bweni zima."

"Nyonga zangu ziache, zina kwao." Lakini hakucheka mpaka mwisho. Alimshika dada yake mguu kupitia shuka, akaukuta mwembamba, akautazama muda mrefu. "Kwangu kuna chumba. Kuna choo karibu. Twende."

"Nina safari," alisema Mama Pasi.

"Safari gani hiyo, dada?"

"Muulize dereva."

Matroni akamgeukia dereva. Dereva akatazama dari. Wakatoka nje wawili wale, wakasimama karibu na pipa la oili chafu, na matroni akashusha sauti.

"Nitakuja Jumamosi na gari. Nikikuta basi lipo hapa, namchukua, na wewe hutanizuia. Nikikuta halipo, nitawaombea dua njema na kurudi zangu."

"Jumamosi hulikuti."

"Bado droo moja, shemeji?"

Hata yeye alikuwa amelisikia.

Fundi akaingia kazini. Wazo la kwanza lilikuwa kukisogeza kitanda nyuma, kimwachie dereva kiti chake. Nyuma kulikuwa na ukuta wa droo. Wazo la pili likawa kuung'oa ukuta huo. Alitoa skrubu mbili tu, tangi la maji juu likaguna. Ukuta wa droo ndio ulioshika tangi. Tangi, kwa uzito wake, lilishika makabati ya juu. Makabati yalishika ubao wa pasi, na mbavu za droo za chini ndizo zilizokuwa miguu ya kitanda. Kila kitu kilikuwa na kazi mbili, na ya pili ilikuwa kumshika mwenzake, kama walevi wanaotoka kilabuni wakiwa wamekumbatiana: mmoja akienda haja, wote wako mtaroni.

Alirudisha skrubu zile mbili taratibu.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza bila kufumbua macho.

"Hakuna. Nilikuwa naangalia uimara."

"Na ni imara?"

"Ni imara sana."

"Pole."

Jibu alilipata Alhamisi, na hakulipenda. Mama Pasi siku hizi alilala kwa ubavu, magoti kifuani. Kile kitanda cha watu wawili wanaojinyoosha hakikuwa na watu wawili, wala hakuna aliyekuwa akijinyoosha. Alichukua futi yake, akainama, akaanza kumpima kutoka utosini hadi visigino vilivyokunjwa.

Mama Pasi alifumbua jicho moja.

"Unanipimia nini, Fundi?"

"Kitanda."

"Sema mapema. Seremala akianza kumpima mgonjwa, majirani huteka maji."

Fundi alijaribu kucheka, futi ikarudi kwenye kopo lake ikimchapa kidole.

Alikikata Ijumaa. Spana alitoka chini ya magari, jambo la nadra, wakambeba Mama Pasi na godoro lake hadi kivulini, naye akalala pale akitoa amri. Msumeno ulipita kwenye ubao ule uliopigwa msasa mpaka ukang'aa, na kwa mara ya kwanza maishani Fundi hakusafisha ukingo. Kilichobaki kilikuwa kijitanda kifupi kilichoegemea ukuta chini ya dirisha la tatu, kisichokunjwa, kisichogeuka meza, kisicho na kitu ndani. Kazi moja. Kiti cha dereva kikainuliwa mgongo. Usukani ukaonekana tena, una vumbi, na buibui wake.

"Na wewe utalala wapi?" Spana aliuliza.

"Mimi ni dereva."

Walitoa matofali, wakajaza upepo matairi, na basi likashuka ardhini likitoa pumzi kama mzee anayeketi.

Jumamosi asubuhi Fundi alichemsha chai, akaijaza kwenye chupa, akafungua droo ya mzigo wa baridi. Nondo walikuwa wameanza na sweta. Alimvalisha hivyo hivyo, akamfunga na shali. Mikono ya sweta ilimmeza, na Mama Pasi akasema wamempa la mtu mwingine. Alikuwa amekunywa dawa yake na macho yake yalikuwa safi kuliko siku zote za wiki ile.

Injini iliwaka. Gereji nzima ilisimama kutazama, vijana wa rangi, fundi wa betri na muuza vipuri, maana kuliona basi lile likitikisika kulikuwa kama kuona ukuta ukipiga chafya. Spana alifungua lango. "Haya, Bado Moja," alisema. "Nisikuone."

Fundi akakanyaga klachi, akaingiza gia, wakaenda.

Langoni aligusa breki, na nyuma yake kitu kikasema *shii*. Alitazama kwenye kioo. Droo moja ilikuwa imetoka nusu, kama mtu anayechungulia nani anapita.

"Imefunguka hiyo," alisema Mama Pasi.

"Itarudi."

Ikarudi kweli, walipoongeza mwendo. Wakaingia barabarani. Jua lilikuwa upande wa dirisha la tatu, na Mama Pasi akasogeza uso hapo. Alisema duka la viatu limehama. Alisema pale palikuwa na kituo, mwanamke mmoja mnene alikuwa akipandia hapo na kulala hadi hospitali bila kukosea siku. Alikuwa akizungumza kama mtu anayesoma kitu alichokisoma zamani. Fundi alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo umemnyooka, na kwa urefu wa barabara ile moja iliyonyooka alikuwa mwanamume aliyetimiza ahadi.

Kisha ikaja kona, pale kwenye maghala.

Haikuwa kona kali. Hata mkokoteni ungeipita bila kufikiri. Lakini nyumba ile ilikuwa imejengwa juu ya matofali, kwa pimamaji, na mtu ambaye maisha yake yote alitengeneza makabati ya vyumba visivyokwenda popote. Hakukuwa na komeo hata moja. Nani anaweka komeo kwenye droo ya jikoni? Basi liliinama kidogo kushoto, na droo zote za kulia, zilizopigwa randa na msasa na kupakwa mshumaa kwa ajili ya vidole vya Mama Pasi, zikatoka kwa pamoja, laini, bila kelele, mpaka zilipofika mwisho wa reli zao. Ndipo kelele ikaanza. Vijiko, mifuko, misumari, mishumaa iliyobaki. Milango ya makabati ikapiga makofi. Ubao wa pasi ukashuka ukutani kwa bawaba zake zisizolia, ukasimama sawasawa juu ya mgonjwa, tayari kwa kazi.

Fundi alikanyaga breki. Droo za nyuma nazo zikapata zamu yao.

Basi liliposimama akasikia mkewe anacheka. Alikuwa amesukumwa ukutani, mkono wa sweta uko usoni, anacheka chini ya ubao wa pasi.

"Kazi," alisema. "Imenifuata mpaka huku."

Alicheka tena, na katikati ya kicheko hicho sauti ikawa kitu kingine. Fundi alipomfikia, akipita juu ya vijiko, uso wake ulikuwa umekuwa kijivu na meno yameuma shali. Alimpa dawa. Akainua ubao wa pasi, akaufunga kwa mkanda wa suruali yake. Akasukuma droo, moja moja, na kila aliyoisukuma ilikaa kwa adabu, kwa sababu sasa basi lilikuwa limesimama.

"Fundi."

"Naam."

"Ulizipaka nini?"

"Mshumaa."

"Zote?"

"Zote."

Akaitikia kwa kichwa. "Zilikuwa nyepesi kweli."

Alijaribu kuondoka tena, polepole, gia ya kwanza. Droo zikaanza kuja. Na mkewe, aliyekuwa hajawahi kulalamikia kitu kwa dhati tangu wamejuana, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapana. Zima."

Akazima. Walikuwa wameegesha kando ya ukuta wa ghala, wenye tangazo la matairi. Ukisimama kwenye ngazi ya viatu na kugeuka nyuma uliliona lango la gereji. Fundi alimimina chai kwenye kikombe kimoja kilichopona, akafungua mlango kama walivyokubaliana, akamnywesha kwa kijiko. Lori la saruji likapita, likamwaga vumbi jeupe, likaingia ndani hadi sakafuni.

"Na ukungu upo," alisema Mama Pasi.

Fundi alitazama kikombe.

"Ungesema hata jambo moja la kunicheka," alisema.

"Nilishakucheka. Chai yako haina sukari."

Matroni aliwakuta hapo. Alikuwa amefika gereji, akakuta basi halipo, na kabla hajawaombea dua Spana alimwelekeza kwa kidole upande wa maghala. Alishuka kwenye gari la kukodi, akasimama mlangoni, akaokota droo iliyokuwa imechomoka ikaangukia ngazini. Akaijaribu kwenye nafasi moja, haikuingia. Akaijaribu kwenye nyingine.

"Hii inakaa wapi, shemeji?"

"Iache tu."

Walimhamisha wawili wao, na godoro, na sweta lake la nondo. Kijitanda cha kazi moja kilibaki kitupu, na jioni ile Spana akalirudisha basi gereji.

Nyumbani kwa Matroni palikuwa na chumba chenye kitanda cha chuma katikati, na Fundi alipokwenda kesho yake, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchungulia uvunguni. Hapakuwa na kitu. Hewa tupu, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Usianze," alisema Mama Pasi kutoka kitandani.

"Sijasema kitu."

"Nimesikia ukipima kwa macho."

Alikaa pembeni yake. Akamweleza kwamba anatengeneza makomeo. Ya mbao, madogo, ya kugeuza kwa kidole, moja kwa kila droo, ili nyumba isimwagike tena. Yakikamilika wataondoka, na safari hii atakata kona kama bibi harusi.

"Yamebaki mangapi?"

"Mengi."

Akafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimaliza kabla ya muda aliojipangia. Siku chache tu, na makomeo yote yalikuwa mahali pake, isipokuwa la droo ya mzigo wa baridi. Hilo alilichonga, akalipiga msasa, akaliweka mfukoni.

"Yamebaki mangapi?" mkewe aliuliza jioni hiyo. Sauti yake ilikuwa imepungua, ilibidi umsogelee.

"Bado moja."

Akalitoa, akamwekea kiganjani. Mama Pasi alilifunga vidole, vile vidole vilivyopinda, akaligeuza huku na huku. Alimtazama mumewe kwa muda. Alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua jinsi anavyochukua muda kwenye komeo moja.

"Basi usiharakishe," alisema.

"Siharakishi."

"Fanya vizuri."

Kesho yake akauliza tena, naye akajibu bado moja. Na siku iliyofuata. Jibu lilikuwa lile lile lililowapotezea mvua zote zile, na sasa ndilo pekee alilokuwa nalo la kumpa. Mpaka ikafika siku ambayo Mama Pasi hakuuliza, na Fundi akajibu hivyo hivyo.

Walimzika mji ule ule. Milimani ni mbali kwa jeneza, na gari la kulibeba halikupatikana.

Baada ya watu kutawanyika Matroni alimfuata Fundi hadi gereji, akatoa kitu kwenye kitambaa chake.

"Lilikuwa chini ya mto," alisema. "Nilidhani ni la kabati langu."

Akamshika bega, akaondoka, funguo zikilia kiunoni.

Fundi aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya droo ya mzigo wa baridi. Mlikuwa na soksi tu. Akatoboa tundu, akakaza skrubu moja, akaligeuza komeo kwa kidole. Lilikaa. Akatoka akijipangusa magoti.

Soli za Spana zilikuwa chini ya gari jirani. Mdomo ulitangulia akili, kwa mazoea ya miaka.

"Vipi, bado moja?"

"Hapana," alisema Fundi. "Zimekwisha."

Spana akatoka chini ya gari. Alijifuta mikono, akapanda kwenye usukani bila kuulizwa, akawasha. Fundi akapanda nyuma, akakaa kwenye kijitanda kifupi, chini ya dirisha la tatu. Walitoka langoni, wakapita barabara iliyonyooka, wakafika maghala, wakakata kona kwa mwendo wa kawaida, wakageuza, wakaikata tena kurudi.

Hakuna droo iliyofunguka.